Maji ya mtaro yamepima safi ila tope lina madini ya risasi 210, haya majibu tunayasomaje?

kando_ya_mtaro

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kwa wenye uelewa na mambo ya maabara maana hapa tumegawanyika na kuna wenzetu wanataka kubandika bango kabla ya wiki kuisha.

Tuko kikundi kidogo tunafuatilia mtaro mkubwa unaopita nyuma ya eneo la viwanda alafu unamwaga mtoni. Humo ndani kuna kiwanda cha ngozi, kuna jamaa wanayeyusha betri za magari zilizokufa, kuna wanaochovya vyuma kwenye zinki ili visishike kutu, na gereji ndo hazihesabiki. Tukachangishana tukapeleka sampuli maabara, maji chupa mbili na tope mifuko miwili. Mfuko wa kwanza tulichota juu kabla mtaro haujagusa kiwanda chochote, huo nauita A, wa pili tulichota chini baada ya viwanda vyote, huo ni B.

Majibu ya maji yamekuja safi kabisa, risasi wameandika chini ya 0.005 mg kwa lita, kadimiamu haikuonekana, juu na chini sawa. Tope sasa. B ina risasi 210, zinki 640, shaba 160, kromiamu 95, nikeli 40, kadimiamu 2.1, zote mg kwa kilo. A ina risasi 11, zinki 38, shaba 12, kromiamu 22, nikeli 9, kadimiamu haikufika kiwango cha mashine.

Kwanza sielewi inakuwaje maji safi na tope chafu na ni mtaro huo huo siku hiyo hiyo, nani mwongo hapo? Pili mwenzetu mmoja kachukua risasi 210 akagawa kwa 0.01 ambacho ni kiwango cha WHO cha maji ya kunywa akapata 21,000, ndo anataka bango liandikwe "risasi mara 21,000 ya kiwango cha dunia". Tatu wengi wanasema kromiamu imepanda zaidi ya mara 4 kwa hiyo kiwanda cha ngozi kimeshikwa na ngozi. Na nne, tukiomba tope lizolewe litupwe tutakuwa tumemaliza tatizo au?

mzee_wa_hoja

Mbona jibu unalo, maji yamepima safi. Hakuna mtu anakula tope. Mkitafuta sana ubaya mtaupata popote, hata mawe yana madini.

mkemia_mchovu

Kabla sijajibu lolote, HILO BANGO LISITOKE. Nimekaa maabara miaka mingi na hiyo hesabu ya kugawa tope kwa kiwango cha maji naiona kila mwaka, na kila mwaka wanaoibandika wanaumbuka asubuhi tu, maana mwanasheria wa kiwanda akishagundua umegawa miligramu za kilo ya udongo kwa miligramu za lita ya maji hatasoma ukurasa wa pili. Hivo ni vitu viwili tofauti. Udongo wowote duniani, hata wa msituni ambako hajawahi kupita mtu, una risasi kidogo, wastani wa miamba ya matope ni kama 20 mg kwa kilo. Ukiugawa huo kwa 0.01 unapata mara 2,000, sasa tuseme msitu nao una kesi?

Kuhusu maji safi tope chafu, hakuna mwongo hapo mkuu, wote wamesema kweli ila wanasema habari za nyakati tofauti. Chupa ya maji ni picha ya dakika ile uliyochota. Tope ni daftari. Metali nyingi, na risasi ndo kinara, hazipendi kukaa kwenye maji, zikimwagwa tu zinajishika kwenye chembe za udongo wa mfinyanzi, kwenye kutu ya chuma na manganizi inayofunika zile chembe, kwenye mabaki ya majani yaliyooza, na pale pasipo na hewa zinashikana na salfaidi (aina ya salfa). Chembe zikitulia chini zinatulia na mzigo wake. Kwa hiyo kiwanda kikimwaga saa nane za usiku, asubuhi ukija na chupa yako maji yale yameshapita yako mtoni huko, lakini tope limebaki na ushahidi. Halafu majibu yako yenyewe yanaonyesha, tope 210 na maji chini ya 0.005, yaani kilo moja ya tope imebeba risasi zaidi ya mara 42,000 ya ile ya lita moja ya maji. Kwa risasi huo ndo mgawanyo wa kawaida tu, wala usikutishe.

Jingine ambalo watu hawaulizi, maabara kabla ya kupima metali zilizoyeyuka wanachuja maji kwenye kichujio cha tundu ndogo sana, mikroni 0.45. Chembe zote zinabaki kwenye karatasi. Kaangalie kama ripoti imeandika yamechujwa au hayajachujwa maana ni maswali mawili tofauti.

@mzee_wa_hoja nakuheshimu lakini fanya hesabu hii. Mvua ikipiga mtaro unatibuka, tuseme lita moja ya yale maji mekundu imebeba nusu gramu ya tope. Nusu gramu ya tope lenye 210 ina risasi kama miligramu 0.105. Hiyo ni mara 10 ya kiwango cha maji ya kunywa, ndani ya yale yale maji "safi". Na hayo ndo yanaingia mtoni, ndo yanamwagika mashambani mto ukifurika.

mzee_wa_hoja

Hapo sawa, hiyo ya mvua sikuifikiria. Ila bado nasema msiwaonee wenye viwanda.

bi_mashapo

Mimi kazi yangu ni mashapo, miamba na matope ndo maisha yangu, kwa hiyo nitakusumbua kidogo kabla ya kukupa jibu. Mkemia kaeleza vizuri ila kuna kitu kinaniwasha kwenye namba zako, A iko chini mno. Zinki 38, kromiamu 22, nikeli 9, zote kwa pamoja zimeshuka chini kabisa ya udongo wa kawaida. Metali sita kushuka kwa pamoja hivyo mara nyingi siyo usafi, ni aina ya mchanga. Naomba unijibu haya.

A ilikuwaje mkononi, mchanga au tope laini? B je, rangi na harufu? Mlichota kwa kifaa gani? Maabara walichekecha kwanza au walisaga vyote? Na kwenye karatasi ya majibu angalia chini huko kama wameandika alumini, huwa mashine inaisoma tu hata kama hujaiomba.

kando_ya_mtaro

Asante sana (na mkemia, mimi ni dada jamani, "mkuu" nimeipokea lakini hahaha).

A kwa kweli ilikuwa mchanga, pale maji yanakimbia sana kwa hiyo chini pana mchanga msafi kama wa kujengea, tulifurahi hata tukasema huu ndo usafi wenyewe. B ni tope jeusi laini kama uji, linanuka yai bovu. Kifaa koleo dogo la bati, lile lile sehemu zote mbili, tulilisuuza. Kuchekecha sijaona wameandika. Wameandika "kwa uzito mkavu" na "asidi ya naitriki na haidrokloriki". Alumini ipo kweli, A asilimia 1.6 na B asilimia 5.6. Chuma pia kipo.

bi_mashapo

Nilijua tu. Dada, umelinganisha mchanga na tope, ni sawa na kupima uzito wa kikapu na gunia alafu ukasema gunia limeiba.

Metali zinakaa kwenye chembe laini. Punje ya mchanga ni kijiwe kigumu cha kwatzi (quartz), haina pa kushikia kitu, na eneo lake la nje ni dogo. Tope laini lina eneo la nje kubwa ajabu na lina udongo wa mfinyanzi wenye chaji unaovuta metali kama sumaku. Kwa hiyo hata mto usio na kiwanda hata kimoja, ukichota mchanga wake na ukachota tope lake, tope litakuwa na metali mara kadhaa zaidi. Dawa yake ziko mbili. Moja ni kuchekecha sampuli zote upime chembe zilizo chini ya mikroni 63 peke yake, zote ziwe za aina moja. Ya pili ni kutumia alumini kama mizani, kwa sababu alumini inatoka kwenye udongo wa mfinyanzi wenyewe na viwanda vyenu hivyo sidhani kama vinaimwaga kwa wingi. Chuma usikitumie kwenye hilo eneo, watu wanachovya na kukata vyuma humo, chuma chenyewe kinaweza kuwa uchafu.

Sasa twende na alumini. Risasi ya B 210 gawa kwa 5.6 ni 37.5. Ya A 11 gawa kwa 1.6 ni kama 6.9. Ukigawa moja kwa nyingine unapata kama 5.5. Kwa hiyo siyo mara 21,000 ya bango, wala siyo mara 19 ambayo ungepata kwa kugawa 210 kwa 11, ni mara 5 na nusu. Zinki nayo inashuka kutoka mara 17 hadi kama 4.8. Shaba inakuja kama 3.8.

Kromiamu sasa kaa chini. 95 kwa 5.6 ni kama 17, 22 kwa 1.6 ni kama 13.8. Uwiano 1.2. Hakuna kitu hapo. Kromiamu yote uliyoiona imepanda kwa sababu tope ni laini, basi, na wastani wa miamba ya matope wenyewe ni 90. Nikeli hivyo hivyo.

(Kuna kasoro moja niiseme mwenyewe kabla mkemia hajanirukia. Asidi hizo mbili hazimalizi madini yote, alumini nyingine inabaki imejifungia ndani ya punje na kromiamu pia, ili zitoke zote unahitaji asidi ya haidrofloriki ambayo maabara nyingi hazitaki hata kuisikia kwa hatari yake. Lakini kwa kuwa A na B zimepikwa kwa njia moja, kwa kulinganisha tu inafaa.)

Koleo la bati ni kosa, bati limepakwa zinki na ukipima zinki unaweza ukapima koleo lako. Ila umebahatika, koleo hilo hilo limetoa 38 kule juu, kwa hiyo 640 haijatoka kwenye koleo. Safari nyingine tumia kijiko cha plastiki na uchote pale katikati ambapo koleo halijagusa.

mchora_bango

Ndo mimi wa 21,000. Sasa niseme ukweli nimeumia. Tumehangaika miezi, kila mtu anajua hawa jamaa wa ngozi wanamwaga, maji yanapita ya bluu kabisa unayaona kwa macho, leo mnakuja na alumini yenu mnawasafisha. Kutoka 21,000 mpaka 5 na nusu, nani atasimama kusoma bango la "mara 5 na nusu"? Hizi hesabu zenu ndo zinatumikaga kuwatetea wakubwa.

bi_mashapo

Ndugu yangu hasira zako nazielewa, lakini soma tena. Sijasema mtaro ni msafi. Nimesema kromiamu siyo kesi yako, risasi ndo kesi yako.

Chukua vile viwango vya MacDonald na wenzake vya mwaka 2000, vya mashapo ya maji baridi, ndo vinatumika sana. Vina namba mbili kwa kila metali, ya chini ambayo ukiwa chini yake madhara kwa viumbe wa tope hayategemewi, na ya juu ambayo ukiizidi madhara yanategemewa. Risasi ni 35.8 na 128. Wewe una 210. Zinki ni 121 na 459, una 640. Shaba 31.6 na 149, una 160, umeipita kwa pua. Kadimiamu 0.99 na 4.98, una 2.1 uko katikati. Kromiamu 43.4 na 111, nikeli 22.7 na 48.6, zote katikati, na kama nilivyosema hapo juu hizo mbili ni za mwamba wenu tu, kuna mito mingi ambayo nikeli yake ya asili peke yake inapita hiyo namba ya chini. Kwa hiyo bango lako lipo, metali tatu zimepita namba ya juu, na ya risasi imepita kwa zaidi ya mara moja na nusu. Hiyo hakuna mwanasheria wa kuitafuna, mradi useme pia kwamba viwango hivyo ni vya minyoo, konokono na wadudu wanaoishi ndani ya tope, siyo vya binadamu.

Kuna kipimo kingine cha Müller cha mwaka 1969 watu wanakipenda, unagawa namba yako kwa mara moja na nusu ya namba ya asili alafu unatafuta logi ya msingi 2. Kwa risasi yako na ile 20 ya mwamba wa wastani inakuja 2.8, daraja la 3 kati ya 0 mpaka 6, 0 ndo safi. Mimi sikipendi sana maana watu wanaokota namba ya asili ya dunia nzima badala ya ya mto wao, lakini ukikutana nacho kwenye ripoti usishtuke.

Kuhusu maji ya bluu, ukiniambia yametoka kiwanda cha ngozi nitakubali, chumvi ya kromiamu ya kulainishia ngozi ni ya kijani bluu hivi. Ila tope linaloishi karibu na bomba la kiwanda cha ngozi kinachomwaga bila kusafisha kromiamu yake haijifichi, inakwenda mamia mengi mpaka maelfu. Wewe una 95. Inawezekana siku hizi wanarudia kutumia ile chumvi, inawezekana bomba lao linatoka sehemu nyingine kabisa, inawezekana lile tope lilishasombwa. Kapime mdomo wa bomba lenyewe, siyo mwisho wa mtaro ambako uchafu wa watu wote umechanganyika.

mkemia_mchovu

Dada samahani kwa "mkuu" 😅 na nakubali kasoro ya alumini, wala sirukii.

Niongeze hapo kwa nani kamwaga, maana mtaro mmoja wenye viwanda vitano ni kama sufuria moja lililopikiwa na watu watano, ukionja mwisho huwezi kujua chumvi ya nani. Kuna ndugu wa hizo metali wanaotembea nao. Risasi ya betri za magari mara nyingi inatembea na antimoni, metali nyingine, kwa sababu vile vyavu vya ndani vya betri vilikuwa vinachanganywa na antimoni ili viwe vigumu. Kwa hiyo waambie maabara wapime na antimoni, ikipanda pamoja na risasi ujue unaelekea wapi. Zinki ina milango mingi mno, wachovyaji wa vyuma wapo, lakini mabati ya paa yanaosha zinki kila mvua na tairi za magari zina oksidi ya zinki ndani yake, na shaba nyingi ya mitaro ya mjini inatoka kwenye breki. Kadimiamu ni mkia wa zinki, zinatoka kwenye mwamba mmoja. Angalia yako, 640 kwa 2.1 ni kama 305, na kwenye mwamba wa kawaida 95 kwa 0.3 ni kama 317. Karibu sawa kabisa. Kwa hiyo sidhani kama una mtu wa kadimiamu peke yake huko, huyo ni abiria.

Kilichobaki ni miguu tu. Panda na mtaro, kila mfereji mdogo unapoingia chota juu yake na chini yake, kumi mpaka kumi na tano zinatosha, alafu omba mtu mwenye ile bunduki ya eksirei ya kupimia metali akupimie za kukausha kwanza, ni haraka, zile zitakazowaka ndo upeleke maabara kwa asidi. Utaona namba inaruka mahali. Pale inaporuka ndo pana mlango wa mtu.

koleo77

Mimi siyo msomi wa haya mambo ila swali la nne la dada linanihusu. Niliwahi kufanya kazi ya kuzoa mitaro, kampuni siitaji. Tulikuwa tunapandisha tope jeusi kama hilo la yai bovu tunalilaza ukingoni likauke ndo magari yaje. Magari yalikuwa hayaji. Basi likikauka linabadilika rangi linakuwa la kahawia kama kutu, na linatoa ukoko fulani mweupe na wa njano juu, wenzangu wakishika linawasha mikono. Mvua ya kwanza ikija nusu yake inarudi mtaroni. Tulizoa mtaro ule ule mara tatu tukalipwa mara tatu. Nyasi pale tulipolaza hazikuota, nilikuwa najiuliza kwa nini, hebu wenye elimu semeni.

mkemia_mchovu

Umeeleza darasa zima bila kujua kaka. Lile tope jeusi ni jeusi kwa sababu ya salfaidi, chini kule hewa imeisha, bakteria wanatumia salfeti badala ya oksijeni na wanatoa salfaidi, ndo harufu ya yai bovu. Salfaidi inashika risasi, zinki, shaba, kadimiamu, inazifunga ngumu kabisa. Kwa hiyo lile tope linalotisha kwa harufu ndo kwa wakati ule limezifunga metali vizuri kuliko lolote. Kuna hata kipimo chake, unapima salfaidi na unapima metali zinazotoka pamoja nayo, kama salfaidi ni nyingi kuliko metali basi minyoo ya humo haipati metali hizo kirahisi.

Na kichekesho ni kwamba viwanda vya ngozi vinaondoa manyoya kwa sodiamu salfaidi, inawezekana wale mnaotaka kuwafunga ndo wamechangia kuifunga risasi ya mwenzao. Simaanishi wapewe tuzo.

Sasa ukilipandisha ukingoni hewa inaingia, salfaidi inaungua polepole inakuwa asidi ya salfuriki, ndo ule ukoko na ndo uliokuwa unawasha mikono yenu. Tindikali ikizidi, metali zinafunguka, zinki na kadimiamu zinatangulia, risasi inabaki nyuma kidogo. Mvua inazichukua zikiwa zimeyeyuka sasa, siyo zimeshikwa tena. Umelitoa tope mahali lilipolala ukaliamsha.

Siyo kwamba lisizolewe kamwe. Minamata kule Japani kiwanda kiliacha kumwaga zebaki mwaka 1968, miaka 12 baada ya ugonjwa kutambuliwa rasmi mwaka 1956, na kuizoa ile ghuba walianza 1977 wakamaliza 1990. Miaka 13. Walilenga tope lenye zebaki zaidi ya 25 mg kwa kilo, wakalifungia nyuma ya kuta na kulifunika, siyo kulilaza ukingoni. Na tazama mpangilio, bomba lilifungwa kwanza. Ukizoa kabla ya kufunga bomba unafanya kile alichofanya koleo77, unalipwa mara tatu.

mzee_wa_hoja

Nimerudi. Sasa mimi nauliza kwa nia njema, hayo metali yote 210 si yamefungwa kama mnavyosema? Mtu akilima kando ya mtaro kuna shida gani basi?

bi_mashapo

Swali zuri kuliko la kwanza. Ile 210 ni jumla, haikuambii ngapi inaweza kutoka. Ndo maana kuna njia ya Tessier ya mwaka 1979, unaloweka tope hilo hilo kwenye dawa moja baada ya nyingine, kila moja kali kuliko iliyotangulia, unapata sehemu tano. Ya kwanza imeshikwa juu juu tu, ya pili iko kwenye chokaa na inatoka maji yakiwa na tindikali, ya tatu iko kwenye kutu ya chuma na manganizi, ya nne kwenye vitu vilivyooza na salfaidi, ya tano imo ndani ya punje zenyewe na haitoki mpaka uliyeyushe jiwe lenyewe. Ya tano iache ilale. Mbili za mwanzo ndo mmea unazifikia.

Mlimaji anakutana na tope likiwa limeshatoka kwenye giza, limemwagika shambani limekauka lina hewa, yaani hali ya koleo77 siyo hali ya chini ya mtaro. Kule bonde la mto Jinzu Japani kadimiamu ya mgodi ilishuka na mto mpaka kwenye mashamba ya mpunga, watu mifupa ikawa inavunjika wakilia "itai itai", yaani inauma inauma, na serikali ikaja kuutambua rasmi kuwa ni ugonjwa wa uchafuzi 1968. Kadimiamu ndo ya kuogopa kwenye mmea maana inapanda mpaka kwenye kile unachokula. Risasi haipandi sana, yenyewe inaingia na udongo unaobaki kwenye majani na mikono ya watoto. Kwa watoto wanaocheza kando ya mtaro ningekuwa na wasiwasi zaidi kuliko mboga.

kando_ya_mtaro

Jamani asanteni sana, nimesoma mara mbili. Tumekaa na mchora_bango tumekubaliana bango linasubiri (kanuna lakini kakubali). Jumamosi tunapanda na mtaro kutoka chini kwenda juu, kila mfereji unaoingia tunachota juu na chini yake, tope laini tu, mchanga hatuugusi, A mpya tutatafuta kidimbwi kule juu ambako tope limetulia. Antimoni tumeandika. Kuna chuo wanayo hiyo bunduki ya eksirei wamesema tulete. Kromiamu tutachota mdomoni kwa bomba la ngozi kabisa ili tuache kubishana.

Swali la mwisho, tunachota kina gani?

koleo77

Na glavu dada. Ndefu, mpaka kwenye kiwiko.

bi_mashapo

Juu sentimita 2 mpaka 5, hilo ndo la karibuni. Ukipata bomba la plastiki lililo wazi lichomeke mahali maji yametulia ulitoe na tope lake zima, ukikata vipande kwenda chini utaona ya zamani. Kama juu ni chafu kuliko chini bado wanamwaga, kama chini ndo chafu zaidi labda ni deni la zamani. Na anzeni chini mkienda juu kama mlivyopanga, ukianza juu miguu yenu inatibua tope mnalolifuata.

mchora_bango

Bomba ninalo.